Sigara: Mpaka Lini Tutajificha Nyuma ya Neno "Makruhu"?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim. Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Amma ba'ad.



Ndugu zangu katika imani, wazazi na wanafunzi, wiki chache zilizopita kijana mmoja wa darasa la fiqhi aliniuliza mbele ya wenzake: "Ustadhi, sigara ni haramu au makruhu?" Nikamjibu kuwa ni haramu. Akatabasamu, akasema: "Sasa mbona ustadhi fulani anavuta, na yeye anasema ni makruhu tu? Na yeye kasoma zaidi." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kijana yule ana miaka 15 na kanzu yake ilikuwa inanuka moshi. Hakuja kutafuta elimu, alikuja kuhakikisha ruhusa aliyokwisha kuipata. Na ruhusa hiyo hakupewa na mwenye duka wala na wahuni wa mtaani. Alipewa na sisi walimu.

Kwa hiyo makala hii nawaandikia wazazi na vijana, lakini sitaficha kuwa ninaowasema hasa ni walimu wenzangu.

WALIOSEMA MAKRUHU WALISEMA LINI?

Tumbako ni mmea wa bara la Amerika. Haikujulikana zama za Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), wala zama za Maimamu wanne. Ilifika katika nchi za Waislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijra, yaani mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17 Miladia, na maulamaa wakahitilafiana papo hapo. Pale Misri, Sheikh Ibrahim al-Laqani (aliyefariki 1041 H), yule yule mwenye Jawharat at-Tawhiid ambayo wengi wetu tunaisomesha, aliandika kuiharamisha. Mmaliki mwenzake wa mji huo huo, Sheikh Ali al-Ujhuri (aliyefariki 1066 H), akaandika kuihalalisha. Huko Sham, Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi (aliyefariki 1143 H) naye akaandika risala ya kuitetea. Katikati ya makundi haya mawili wakasimama waliosema ni makruhu, na hao ndio tuliowashika sisi, tukawakumbatia kweli kweli.

Lakini hebu tuulize: walihitilafiana katika nini? Je, kuna aliyesema kwamba kitu kinachodhuru mwili ni halali? La hasha! Sisi Mashafii tunasoma kwa Imam an-Nawawi kwamba chenye kudhuru, kama sumu, kioo na jiwe, ni haramu kukila. Hata wale walioihalalisha tumbako walisema kuwa anayedhurika nayo ni haramu kwake. Kanuni ilikuwa moja. Waliyohitilafiana ni hali ya kitu chenyewe: Je, moshi huu unadhuru au haudhuru? Swali hilo si la faqihi, ni la tabibu, na matabibu wa zama zile hawakuwa na jibu moja. Wako waliokuwa wakiwaandikia wagonjwa tumbako kama dawa! Katika Mashafii wa Misri, al-Qalyubi (aliyefariki 1069 H), ambaye alikuwa na elimu ya tiba, aliona kuwa moshi ule unafungua mianya ya mwili na kuutayarisha kupokea maradhi, kwa hiyo akauharamisha. Mtu huyu tunaye kwenye rafu zetu, katika hashiya tunayoisoma, na tunampita kila siku kama hatumuoni.

Basi waliosema makruhu Allah awarehemu, walikuwa na udhuru. Hukumu hufuata illa yake. Illa ikithibiti, hukumu nayo huja. Wao hawakuthibitishiwa madhara. Swali ni je, sisi tuna udhuru gani?

MADAKTARI WALIPOJUA

Mwaka 1912 daktari mmoja wa New York, Isaac Adler, aliandika kitabu kizima juu ya saratani ya mapafu, na ndani yake aliona haja ya kama kuomba radhi, kwa sababu aliona ni miongoni mwa maradhi yaliyo adimu kabisa. Katika maandishi ya madaktari wa dunia nzima alikusanya wagonjwa 374 tu. Mwaka 1919, katika mji wa St. Louis, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Alton Ochsner aliitwa pamoja na darasa lake kushuhudia maiti ikipasuliwa, wakaambiwa watazame vizuri kwani huenda wasiuone ugonjwa huu tena maishani mwao. Ulikuwa saratani ya mapafu. Ochsner hakuuona tena hadi mwaka 1936, kisha ndani ya miezi 6 akaletewa wagonjwa 9. Wote wanaume, wote wavutaji, na wote walianza kuvuta katika vita vya kwanza vya dunia.

Kulitokea nini kati ya hapo? Zamani tumbako ilikuwa ya kiko, ya kutafuna na ya kunusa. Sigara zilisokotwa kwa mkono, moja moja. Katika miaka ya 1880 ikapatikana mashine ya kusokota sigara, iliyobuniwa na Mmarekani James Bonsack, na bei ikashuka. Zikaja vita, wanajeshi wakagawiwa sigara kama wanavyogawiwa mkate. Na saratani hii haiji kesho yake, inangoja miaka 20, 30 na zaidi. Huko Uingereza na Wales waliokufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1922 walikuwa 612. Mwaka 1947 walikuwa 9,287.

Hapo ndipo wakatumwa watu wawili kutafuta sababu, Richard Doll na Austin Bradford Hill. Nataka msomaji azingatie kuwa Doll alikuwa mvutaji, na dhana yake ya kwanza ilikuwa lami za barabarani na moshi wa magari. Hakwenda kuitafutia sigara kosa. Waliwahoji wagonjwa katika hospitali 20 za London, wakamlinganisha kila mgonjwa wa saratani ya mapafu na mgonjwa mwingine wa umri na jinsia ile ile mwenye maradhi mengine. Katika wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta walikuwa wawili. Wawili! Katika wale 649 wengine, wasiovuta walikuwa 27. Na kadiri mtu alivyovuta zaidi ndivyo alivyozidi kuonekana upande wa saratani. Matokeo yakachapishwa mwaka 1950, na Doll mwenyewe akaacha kuvuta.

Mwaka ule ule kule Marekani yalitoka matokeo kama hayo kwa mwanafunzi Ernst Wynder na mwalimu wake, daktari mkubwa wa upasuaji Evarts Graham. Kisa cha Graham kinanihuzunisha kila nikikisoma. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufanikiwa kuondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, mwaka 1933. Alikuwa mvutaji, na Ochsner alipomwambia kuwa sigara ndiyo sababu, alimfanyia mzaha. Hesabu za mwanafunzi wake zikamshinda, akakubali, akaacha. Alikuwa amechelewa: mwaka 1957 alikufa kwa saratani ya mapafu, na yule mgonjwa aliyemtoa pafu mwaka 1933 alikuwa bado yu hai.

Doll na Hill hawakuishia hapo. Mwaka 1951 waliwaandikia madaktari wa Uingereza, zaidi ya 40,000 wakajibu wanavuta au hawavuti, kisha wakawafuatilia. Waliwachagua madaktari kwa sababu wana daftari la majina na ni rahisi kujua nani kafa na kafa na nini. Wanaume walikuwa 34,439, na waliendelea kufuatiliwa kwa miaka 50, hadi 2001. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 ni haya: walioendelea kuvuta, karibu nusu waliuawa na uvutaji wao, na kwa wastani walipungukiwa na miaka 10 ya umri. Hao ni madaktari, wenye kula vizuri na kutibiwa vizuri!

HABARI MUTAWATIR

Wapo wanaosema: "Hizo ni takwimu za wazungu." Ajabu ni kuwa anayesema hivi ndiye anayetufundisha ilmu ya hadithi. Tunafundisha kwamba habari ikipokelewa na wengi kutoka kwa wengi, katika miji mbalimbali, watu ambao ada haikubali kuwa wamekubaliana kusema uongo, basi habari hiyo inaleta yakini. Sasa tazama isnadi za habari hii. Wajerumani walikwisha kuiona kabla ya vita vya pili: Fritz Lickint aliandika mwaka 1929 na Franz Müller mwaka 1939. Waingereza na Wamarekani 1950, wakati hawa wakiwa ndio kwanza wametoka kupigana na Wajerumani. Madaktari wa Uingereza wakatoa ripoti yao 1962, wa serikali ya Marekani 1964. Wajapani 1981. Hawakuwa na dini moja, wala lugha moja, wala maslahi mamoja, na serikali nyingi kati ya hizo zilikuwa zikila kodi ya sigara. Kisha katika miaka ya 1990 wakaja wanaotazama seli zenyewe, wakaonyesha kuwa sumu moja iliyomo katika moshi wa sigara inaharibu jeni ya p53, ambayo ni kama mlinzi wa seli, pale pale ambapo jeni hiyo inakutwa imeharibika katika mapafu ya wagonjwa. Sanadi na matni vimekutana. Na kama fiqhi yetu inatosheka na dhana yenye nguvu katika kuharamisha sumu, tunadai nini zaidi ya mutawatir?

Na maulamaa wa zama hizi wamekwisha kuyazingatia. Mufti wa Saudia, Sheikh Muhammad bin Ibrahim (aliyefariki 1969), aliiharamisha. Baraza la fatwa la Malaysia likasema haramu mwaka 1995. Mufti wa Misri, Sheikh Nasr Farid Wasil, akasema haramu mwaka 1999. Huko Indonesia jumuiya ya Muhammadiyah ikasema haramu mwaka 2010. Ni kweli wamebaki wanaosema makruhu, na Indonesia hiyo hiyo wapo wengi. Nawaheshimu. Lakini sijamuona kati yao anayesema moshi haudhuru.

WENYE KUUZA SHAKA

Desemba 1953 wakuu wa kampuni za sigara za Marekani walikutana katika hoteli moja ya New York. Tarehe 4 Januari 1954 wakatoa tangazo katika magazeti zaidi ya 400, wakisema wanajali afya za watu na kwamba jambo hili halijathibiti. Hawakuhitaji kuthibitisha kuwa sigara ni salama. Walihitaji tu watu waseme "madaktari wamehitilafiana", kwa sababu anayesikia kuna hitilafu anaendelea kuvuta. Walipata hata mwanachuoni mkubwa wa takwimu, Ronald Fisher, mvuta kiko, aliyekuwa mshauri wao wa malipo, akidai huenda ni maumbile ya damu ndiyo yanayoleta saratani na ndiyo yanayomfanya mtu apende kuvuta. Katika waraka wa ndani wa kampuni moja wa mwaka 1969 waliandika wazi kuwa bidhaa wanayoiuza ni shaka. Mwaka 2006 mahakama ya Marekani, kwa hukumu ya Jaji Gladys Kessler, ikasema waliudanganya umma kwa miaka mingi.

Ndugu yangu ustadhi, unapomwambia mtoto wa miaka 15 "kuna khilafu", unaifanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba Fisher alilipwa, wewe unafanya bure.

"BABU YANGU ALIVUTA MPAKA MIAKA 90"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi vijiweni. Jibu lake ni hesabu. Kwa takwimu za Uingereza zilizotolewa mwaka 2000, katika wanaume 100 wanaoendelea kuvuta, kama 16 watakufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kufika miaka 75. Maana yake 84 hawatakufa kwa ugonjwa huo kabla ya umri huo, na babu yako ni mmoja wao, Allah amrehemu. Lakini wengi katika hao 84 watakufa kwa moyo, kwa kiharusi, kwa kifua kisichopona, na ndiyo maana jumla inafika nusu. Usitazame babu aliyebaki, wahesabu na wenzake aliokuwa akivuta nao kibarazani. Wako wapi?

Mwengine husema kila mtu na ajali yake. Huyu namkumbusha Sayyidna Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) alipofika Sargh njiani kwenda Sham na kusikia kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda alipomuuliza kama anakimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa wanakimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na Aya za kukataza kujiua na kujitupa katika maangamizi (an-Nisaa 29, al-Baqarah 195) tunazihifadhisha watoto.

Ni kweli pia kuwa wapo wanaopata saratani ya mapafu bila kuvuta, kwa vumbi la asbesto, kwa moshi wa kuni jikoni na mengineyo. Sioni vipi jambo hili linakuwa hoja ya kuongeza moshi mwingine.

"KWETU HATUIONI HIYO SARATANI"

Hapa niseme langu. Nilipokuwa mtoto hapa Buyenzi, maalim aliyenisomesha Juzuu Amma alikuwa akinituma dukani. Sigara mbili asubuhi, mbili baada ya Alasiri, na moto wa kibiriti. Niliona fahari kuchaguliwa mimi. Alikuwa na sauti ambayo mpaka leo nikisoma Surat ar-Rahmaan naisikia yake, si yangu. Kisha sauti ikakwaruza, kikaja kikohozi, akakonda, akatema damu. Hospitali akaambiwa ni kifua kikuu. Alimeza dawa miezi yote aliyoamriwa, hakupata nafuu, akaanzishiwa upya, na kabla ya kumaliza akatutoka. Sisemi kwa yakini alikuwa na saratani. Hakuna aliyekata kipande cha pafu lake akakitazama kwa darubini, hapakuwa na mtu wa kazi hiyo.

Ndivyo tunavyosema kwetu haipo. Kikohozi, kukonda na damu ni dalili za kifua kikuu na ni dalili za saratani ya mapafu, na katika nchi zetu zenye kifua kikuu kingi na vipimo vichache, wagonjwa wa saratani wamekuwa wakitibiwa kifua kikuu hadi muda unapita. Mzazi, kama una mvutaji nyumbani anayemeza dawa za kifua na habadiliki, mrudishe hospitali uulize. Duniani, kwa mwaka 2022 peke yake, wagonjwa wapya wa saratani ya mapafu walikadiriwa kuwa karibu milioni 2.5 na waliokufa milioni 1.8, hakuna saratani inayoua zaidi yake. Na wavutaji wa dunia, 80 katika kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa sababu huko kwao wenyewe wameanza kuikimbia.

MKE WAKO NA WANAO

Mjapani Takeshi Hirayama aliwafuatilia wanawake 91,540 wasiovuta kwa miaka 14, akatoa matokeo 1981. Wale ambao waume zao walivuta pakiti moja au zaidi kwa siku, kufa kwao kwa saratani ya mapafu kulikuwa karibu mara mbili ya wale ambao waume zao hawavuti. Kampuni zilimpiga vita sana, na waliokuja baada yake wakapata kama alivyopata. Sasa yule anayesema "najidhuru mwenyewe tu" aende akamsome upya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alivyokataza kudhuru na kudhuriana. Hata kama kwako binafsi ungeng'ang'ania makruhu, kumvutia mkeo na mtoto mchanga chumbani utakuita nini?

Shisha siisemi sana, maana wanaosema maji yanachuja moshi wanajua wenyewe kuwa wanajidanganya. WHO ilionya tangu 2005 kuwa kikao kimoja cha shisha kinaweza kumuingizia mtu moshi mwingi mara 100 na zaidi kuliko sigara moja. Majirani zetu Tanzania waliipiga marufuku 2016, Rwanda mwishoni mwa 2017, Uganda kwa sheria yao ya 2015. Sisi tunaiweka kwenye harusi, pembeni ya meza ya biriani.

KUACHA KUNAFAA

Msidhani naandika kuwakatisha tamaa. Katika takwimu zile zile za Uingereza, aliyeacha akiwa na miaka 50, ile 16 inashuka kuwa 6. Aliyeacha na miaka 40, ni 3. Aliyeacha na 30, haifiki 2. Na wale madaktari walioacha wakiwa na miaka 60, hata wao walirudishiwa kama miaka 3. Wala mtu asiniambie hawezi, kwani kila mwaka mwezi mzima anaweza tangu alfajiri hadi magharibi, isipokuwa adhana ikilia anafuturu kwa sigara kabla ya tende. Najua ni uraibu na una maumivu, siku za mwanzo hasa. Mwenye kushindwa peke yake aende kwa daktari, si aibu.

Katika madrasa yetu tumeandika karatasi: mwalimu havuti akiwa kazini wala mbele ya mwanafunzi, hamtumi mtoto sigara, na akiulizwa hukumu anataja madhara kwanza kabla ya kutaja khilafu. Walimu tuko tisa. Sita tumetia saini. Wawili wamekataa, na ninawaomba wajibu makala hii kwa maandishi, tena watuambie ni ushahidi gani wanaoungojea ili waseme haramu. Wa tisa ndiye yule ustadhi aliyetajwa na kijana. Alikuja nyumbani kwangu baada ya Isha, akakaa sana bila kusema, akaniomba nimpe muda mpaka Ramadhani. Nimempa.

Wabillaahi at-tawfiyq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.